Mwaka Ng'ombe Walipolala Shimoni

Wachimba kaburi walirudi nyumbani kuomba panga. Walikuwa wamefika kina cha goti, jembe likagoma, sururu nayo ikagoma, na wala si jiwe lililowakwamisha, ni mizizi. Mimi nilikuwa chini ya turubai na akina mama wengine tunachambua mchele, nikawasikia wanalalamika kwamba tangu wazaliwe hawajachimba kaburi la namna hii, unapiga jembe kama unapiga mkeka. Nikacheka. Msibani, mbele za watu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nimejifunga kitenge cha heshima, nikacheka mpaka mama aliyekaa pembeni yangu akanifinya paja. Simlaumu, hakuwa anajua. Ile mizizi naifahamu mimi. Nilikuwepo wakati hapakuwa na hata unyasi mmoja pale.

Aliyefariki tulimwita Yeyo, ndiyo kusema mama kwa Kimaa, na sikuwahi kusikia mtu akimwita vinginevyo, hata mchungaji. Nyumba yake iko Oldonyo Sambu, ukingoni kabisa mwa shimo ambalo zamani malori yalikuwa yanasomba moramu, ile changarawe nyekundu ya mlima, kwenda kumwaga barabarani. Niliishi naye mwaka mmoja, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu. Siku ya Jumanne, Lomayani alinipigia simu nyumbani kwangu Engutoto akasema, dada, Yeyo ametutoka, Jumamosi tunamzika. Nikaja. Na kabla sijafika kwenye nyumba nikakutana na kibao cha bati kando ya njia, kimepakwa rangi ya kijani, kinaeleza kwamba machimbo haya yamerejeshewa uoto na mradi kwa teknolojia ya majani ya nishati. Jina la Yeyo halimo. Ng'ombe hawamo. Nilisimama pale nikakisoma mara mbili, na hasira iliyonipanda ni ile ile ya ujana, sikujua kama bado ninayo. Nikasema moyoni, leo patachimbika. Kwa hiyo haya ninayoandika si maombolezo peke yake. Nimechoka kusoma habari za maisha yangu kwenye bati la mtu.

Nilifika pale mwezi wa kwanza, na cheti cha kilimo nilichokipata juzi tu, na kiburi cha Mmeru wa Akheri. Sisi wa Akheri tumezaliwa kwenye migomba na kahawa, maji ya mfereji yanapita mlangoni, ukichomeka fimbo ardhini inachipua. Mradi uliniajiri nioteshe majani ya tembo, haya tunayoyaita matete, kwenye lile shimo tupu. Yakikua tuyakate, tuyakaushe, tuyashindilie kwa mashine ya mkono yawe mkaa, ili watu waache kupanda mlimani kukata miti. Ardhi ipone na jiko lipate moto. Wazo lenyewe halikuwa baya, na sitajifanya leo kwamba lilikuwa baya. Serikali ya kijiji ilikuwa imetupa muda mpaka mwaka uishe. Shimo likiwa kijani, linabaki kuwa shamba. Likiwa bado tupu, mkandarasi wa moramu anarudi kuchimba, na kila mtu alijua moramu iliyobaki iko wapi. Iko chini ya nyumba ya Yeyo.

Siku ya kwanza alinionyesha kwa miguu. Alitoka mlangoni mwa jiko akahesabu hatua mpaka ukingoni, na hatua ya sita ikabidi nimshike mkono kwa hofu. Akaniambia pale tuliposimama palikuwa katikati ya shamba lake la mahindi. Kila masika shimo linamega kidogo. Masika iliyopita lilimeza choo, na ndoo yake ndani, na yeye akashukuru Mungu kwamba hakuwa amekaa. Alisema hivyo bila kucheka, nami sikujua kama ninaruhusiwa kucheka. Alikuwa mjane, mwembamba, mrefu kuliko wanaume wengi wa pale. Nikamwambia shikamoo, akaitikia, halafu akanifundisha kwamba kwake nikiamka asubuhi naanza na takwenya, yeye aseme iko, ndipo mengine yafuate. Alinipa kitanda nyuma ya pazia la khanga, kati ya magunia ya mahindi na ukuta uliobandikwa kalenda za kanisani za miaka iliyopita. Kupitia lile pazia nilisikiliza mazungumzo ya mwaka mzima. Jirani zake walikuja kunywa chai, wanaongea Kimaa ambacho sikukijua, na kila baada ya muda neno "Mmeru" linadondoka, wananyamaza, halafu wanacheka kwa chini. Nilijifunza kukunja nguo zangu kwa kelele ili wajue nipo.

Bosi wangu alikuwa Bwana Kimaro, msimamizi wa mradi, mtu nadhifu, viatu vyake havikushika vumbi hata Oldonyo Sambu, mpaka leo sijui alifanyaje. Wiki ya pili alileta gunia la mkaa wa majani kutoka kwingine, wa kuonyeshea, akawasha jikoni kwa Yeyo ili wanawake waone. Sufuria ya kande ilikuwa jikoni inachemka. Yeyo akauliza huu mkaa umetengenezwa na nini. Akajibiwa, nyasi. Akainama, akaipua sufuria yake, akaiweka chini kwenye udongo. Bwana Kimaro alidhani hajaelewa, akaanza upya kumweleza habari za miti na mvua. Yeyo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nyasi ni za ng'ombe," akasema. "Na mtu akikosa, akitaka asamehewe, anashika nyasi mkononi. Wewe unazitia motoni. Siku ukikosa, baba, utashika nini?"

Akina mama wakatazama chini. Nilimwonea Yeyo aibu, hiyo ndiyo kweli yenyewe. Niliona mwanamke aliyebaki nyuma, anakataa msaada kwa sababu ya mila, wakati nyumba yake inaning'inia. Jioni ile ile tulikula ile kande imepoa, naye wala hakunikasirikia. Alinimiminia maziwa mgando juu yake mpaka ikawa loshoro, akaniambia kula, mtoto wa mgomba, huku kuna upepo.

Mvua za masika zilipoanza nikapanda. Nilipanda kama wanavyopanda kwetu, pingili tatu tatu, zimelala mshazari, kichwa nje, safu zimenyooka kama benchi za kanisa. Mbolea nilitia ya gunia. Nilizungushia shimo zima waya na miiba, na lango lenye kufuli, kwa amri ya Bwana Kimaro: ng'ombe wasikanyage hapa. Na kwa wiki tatu mambo yalikuwa mazuri, machipukizi yalitoka. Lakini moramu si udongo. Maji yanapita ndani yake kama chai kwenye chujio. Mvua zilipopungua tu matete yangu yakaanza kunyauka kutoka nchani, na mimi nikasema yatavumilia, maana kwetu yanavumilia. Hayakuvumilia. Kufikia mwezi wa sita, upepo wa baridi umeanza na vumbi limejaa mpaka kwenye meno, nilikuwa na safu zilizonyooka za vijiti vya kuwashia moto.

Sasa nifike pale ambapo kibao cha bati hakifiki. Wageni walikuwa wanakuja, wafadhili, pamoja na viongozi wa kijiji. Bwana Kimaro akanitumia ujumbe, anataka kuona kijani. Hakusema nifanye nini. Nilikwenda Akheri, nikakata matete mabichi kwenye kingo za mfereji wetu, gari zima, nikarudi nikayachomeka moja moja kwenye mashimo ya yale yaliyokufa. Nikamwagia maji majani yang'ae. Yeyo alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko ananitazama kutoka juu. Kisha aliingia ndani. Ningependa kusema dhamiri ilinisuta. Wapi. Nilijiona mjanja.

Wageni walifurahi sana. Walipiga picha, mmoja akanishika mkono akaniita mfano kwa vijana. Kilichoniumbua ni mbuzi. Lango lilikuwa wazi kwa ajili ya wageni, mbuzi wa Yeyo akaingia nyuma yao, akauma tete moja akalivuta, likatoka lote, refu, safi, chini yake limekatwa kwa panga, hakuna hata unywele wa mzizi. Akaliburuta mpaka mbele ya viatu vya Bwana Kimaro akasimama anatafuna. Akavuta la pili. Halafu mwenyekiti wa kijiji akainama, akang'oa la tatu kwa vidole viwili, akanipa mkononi.

Wafadhili walijitoa. Bwana Kimaro akaniambia mradi unamalizia muda wake mpaka mwisho wa mwaka kwa sababu ya karatasi tu, nisipande tena chochote, nilinde uzio. Nilirudi nyuma ya pazia langu nikalala siku mbili na khanga usoni. Nilikuwa nimeiuza nyumba ya mwanamke aliyekuwa ananilisha, na nimeiuza kwa picha. Siku ya tatu Yeyo alifungua pazia, akaweka kikombe cha chai ya maziwa juu ya gunia, akaniuliza funguo ya lango iko wapi. Nikamwuliza ya nini. Akasema twende.

Alinipeleka nyuma ya mlima mdogo, mahali ambapo zamani kulikuwa na boma, watu walihama miaka mingi nyuma. Ilikuwa kiangazi kikali, nchi yote ina rangi ya gunia, na pale katikati kuna duara la kijani. Duara kamili, lenye ukubwa wa zizi. Akanieleza kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni: ng'ombe walilala hapa, wakakojoa hapa, wakakanyaga hapa, ndiyo maana. Kila mfugaji anajua. Hakuna aliyewauliza. Na mimi ambaye nilikuwa nimesomea mambo ya udongo, nilikuwa nimewazuia kwa waya na kufuli wale ambao wangenitengenezea udongo.

Jumapili baada ya ibada alisimama nje ya kanisa na wazee wenye mifugo. Nilikuwa kando, Kimaa changu bado cha kuokoteza, lakini nilielewa kwamba hakuwaomba wamwonee huruma. Aliwaambia shimo lina kuta, upepo wa mwezi wa saba hauingii, na ndama wao wanakufa kwa baridi. Mzee mmoja akacheka, akaninyooshea fimbo, akauliza kama huyu Mmeru na waya wake amekubali. Yeyo akanigeukia. Nikatoa funguo kwenye sidiria nilikokuwa nimeificha nikampa yule mzee mkononi. Ilikuwa funguo ya mradi, siyo yangu, na nilijua ninachofanya. Sijawahi kuijutia hata dakika moja.

Ng'ombe wakalala shimoni. Walijenga zizi la miiba upande mmoja, wakakaa siku kadhaa, wakalihamisha hatua chache, wakakaa tena, hivyo hivyo kuanzia chini mpaka kwenye ule ukingo wa jikoni, mwezi wa saba, wa nane, wa tisa, wa kumi. Asubuhi wakitoka mimi na Yeyo tunashuka na majembe kuchanganya samadi na ile moramu iliyovunjwa na kwato. Nilinuka. Nywele zilinuka, chai ilinuka, nilipokwenda Akheri mama yangu alinipa maji ya kuoga kabla hajanipa mkono. Bwana Kimaro alipopata habari alinitumia barua ya kuniachisha kazi, imeandikwa vizuri, kwa kukiuka maelekezo ya kitaalamu. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye ndoo. Nikauliza kama ninaweza kuendelea kulala nyuma ya pazia. Yeyo akaniuliza, kwani barua hiyo imetoka kwangu?

Vuli ilipoanza tukapanda, safari hii pingili zimefukiwa zote, zimelala, alivyotaka yeye, kwa sababu upepo wa kule hauna adabu na kichwa kilichotoka nje unakikausha. Sikubishana. Sitaeleza matete yalivyochipua maana nitalia na sitaki. Kufikia mwezi wa kumi na mbili yalikuwa yananifika kiunoni kule chini, na ukingoni yalikuwa ya goti, kijani cha kutisha.

Ndipo katapila likaja. Mwaka ulikuwa haujaisha, zimebaki wiki mbili, lakini mkandarasi alikuwa amesikia shimo linaota akaona asisubiri. Ilikuwa asubuhi, tunakunywa uji. Lilikuja kwa upande wa juu, upande wa nyumba, likasimama karibu na jiko hata vikombe vikatikisika mezani. Mimi nilitoka na mawe. Nasema wazi, nilikuwa nimebeba mawe kwenye khanga na nilikusudia kuvunja kioo na kichwa kilichokuwa nyuma ya kioo. Yeyo akanipita. Hakukimbia. Alikwenda ukingoni, akang'oa majani, yale yale ya goti, safari hii yakamgomea, ikabidi avute kwa mikono miwili mpaka mizizi ikatoka na kipande cha ardhi. Akasimama mbele ya lile sahani la chuma la katapila, akanyoosha mkono wenye majani.

Dereva alikuwa kijana wa Kiarusha, wa mila moja na Yeyo. Nilimwona akitazama mkono ule. Alitazama nyuma, alitazama simu yake, akatazama tena mkono. Halafu akazima mashine, nikasikia mawe yakigongana kwenye khanga yangu. Akashuka. Akaja mpaka kwa Yeyo, akainamisha kichwa kama mtoto, naye akamwekea kiganja utosini. Akamwambia kwa Kimaa, na hilo nililielewa lote: mimi siwezi, yeyo. Tajiri wake alimpigia simu mara nyingi asubuhi ile na hakupokea. Alipoteza kazi kabla ya mchana. Huyo ndiye Lomayani. Mwenyekiti alipofika na wazee, katapila limesimama halina dereva, matete yanapepea mpaka mlangoni mwa jiko, alishuka mwenyewe shimoni akang'oa moja kwa vidole viwili. Halikutoka. Akavuta kwa mkono. Akaniangalia, akapangusa mikono, akasema muda wa watu uheshimiwe. Wiki mbili baadaye mwaka uliisha na shimo lilikuwa kijani, na kijiji kikaandika kwamba ni shamba.

Habari ya mkaa aliiamua Yeyo peke yake, kabla sijaondoka. Tulipokata mara ya kwanza aliwapa ng'ombe kwanza, kwa kuwa ndio wenye shamba. Walikula majani wakabakiza mabua magumu, makavu. Akayaangalia siku kadhaa. Kisha akasema alichokula ng'ombe ni cha ng'ombe, alichokataa ng'ombe ni cha jiko, na kijani hakiguswi na moto kamwe. Tukayashindilia yale mabua kwa mashine ya mradi ambayo hakuna aliyekuja kuichukua. Loshoro ya siku ile tuliipika kwa mkaa huo, na akina mama wale wale waliotazama chini walikuja na mabakuli. Mpaka leo wanapika hivyo, na mradi mwingine ulipokuja miaka ya karibuni ukakuta kazi imekwisha, ukaleta kibao.

Basi Jumamosi, kabla ya jeneza kushushwa, kijana mmoja wa mradi akapewa nafasi atoe salamu. Hana kosa, alikuwa hajazaliwa. Alishukuru wataalamu. Mimi sikuwa kwenye ratiba. Nilisimama, nikasema jina langu, nikasema mimi ndiye mtaalamu wa kwanza wa shimo hili na nilipanda matete ya uongo, mbuzi akaniumbua. Wazee wachache waliobaki wakaanza kucheka kwa chini, kama zamani kupitia pazia. Nikasimulia yote, mpaka mkono wa Yeyo na majani. Nikasema kibao kile kitang'olewa leo au nitakuja kukilalia. Mwenyekiti wa sasa akaitikia kwa kichwa. Lomayani alikuwa ameshaondoka kwenda kuchukua nyundo.

Kaburi lilikuwa hatua nne kutoka ukingoni, alipochagua mwenyewe. Watu walipoanza kusogea kuweka mashada, mchungaji, ambaye ni mgeni pale, akaingiwa na hofu, akaomba waliosimama upande wa shimo warudi nyuma, ardhi isije ikameguka na watu wote hawa. Wengine wakaanza kurudi. Nikaenda nikasimama ukingoni kabisa, nyuma yangu matete na chini yake shimo, nikapiga mguu chini, nikawaambia waje tu, wajae, hapa hapaanguki.